Bajeti ya Fedha Taslimu na Madeni Yaliyobaki Wilayani

Bajeti ya fedha taslimu ni utaratibu unaoibana serikali itumie mwezi huu kile tu ilichokwisha kukusanya. Tanzania iliushika mwaka 1996, miezi michache baada ya Benjamin Mkapa kuapishwa kuwa Rais tarehe 23 Novemba 1995, na ukawa nguzo ya mpango wa serikali yake wa kuziba nakisi. Kanuni ilikuwa fupi: Hazina isitoe shilingi isiyokuwa nayo mkononi, wala isikimbilie Benki Kuu kukopa ili kujazia pengo. Kila mwezi wakubwa wa Wizara ya Fedha walikaa na wenzao wa Benki Kuu na wa kodi, wakatazama makusanyo ya miezi iliyotangulia na misaada iliyokwisha kuingia, kisha wakapanga kila wizara ipate nini. Makadirio yaliyopitishwa na Bunge yalibaki kuwa kikomo cha juu cha matumizi. Hayakuwa tena ahadi ya fedha.

Nakisi iliyotafutiwa dawa mwaka huo ilikuwa na umri wa miaka ishirini na zaidi. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kununua nafaka nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilibidi ianzishe upya reli, posta na ndege zake, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaivamia Kagera. Vita vile viligharimu fedha ambazo hazikuwamo kwenye makadirio yoyote. Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye Waziri wa Fedha, alijiuzulu uwaziri mwaka 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka mitano baadaye, bajeti ya 1984 iliyosomwa na Cleopa Msuya ilichukua sehemu ya hatua zilizokuwa zimekataliwa: shilingi ikashushwa thamani, ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Makubaliano kamili na Shirika hilo yalifikiwa 1986, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi.

Sehemu kubwa ya nakisi, hata hivyo, haikuonekana kwenye vitabu vya bajeti. Ilikaa benki. Tangu mabenki yataifishwe Februari 1967, Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC, ilishika karibu biashara yote ya benki nchini, na wateja wake wakubwa walikuwa mashirika ya umma, ambayo yalikaribia 400. Kiwanda kilichoshindwa kuuza mali yake kililipa mishahara kwa mkopo wa NBC. Bodi ya mazao iliyokosa fedha za kuwalipa wakulima ilikwenda NBC. Mikopo hiyo isiporudi, mzigo uliishia mabegani mwa serikali na Benki Kuu. Waziri aliweza kusimama bungeni akasoma nakisi ya kiasi fulani, huku nakisi ya pili ikiwa imelala kwenye mafaili ya mikopo chechefu. Ndiyo maana kuundwa kwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma mwaka 1993, kugawanywa kwa NBC mwaka 1997 ili izaliwe benki ya NMB, na kuuzwa kwa NBC iliyobaki mwaka 2000, kunapaswa kuhesabiwa ndani ya mpango wa kusawazisha bajeti, ingawa hotuba za bajeti ziliyaweka mambo hayo katika sura nyingine. Viwanda vingine vilivyouzwa vilikufa, na watu wake wakaumia. Hilo ni kweli na halipaswi kufichwa. Lakini hakuna hesabu ya serikali iliyoweza kukaa sawa wakati mashirika yanachota kwa mlango wa nyuma.

Upande wa mapato, ugonjwa ulikuwa misamaha ya kodi. Mwaka 1994 malalamiko yalifika mbali. Waagizaji wakubwa walisamehewa ushuru kwa sababu zisizoeleweka, na waliopewa fedha za kigeni za msaada ili waagize bidhaa hawakulipa serikalini shilingi walizotakiwa kulipa badala yake. Novemba mwaka huo wafadhili kadhaa wakasimamisha misaada. Mwaka uliofuata kikundi cha wachumi kilichoongozwa na Gerald Helleiner, profesa kutoka Kanada, kilitoa ripoti iliyozikosoa pande zote mbili: serikali kwa kulegea katika fedha zake yenyewe, wafadhili kwa kujiamulia mambo ya nchi kana kwamba haina wenyewe.

Kwa hiyo Mkapa alikabidhiwa Hazina iliyokauka, wafadhili waliokasirika, na mfumuko wa bei uliokuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka. Mfumuko huo ulikuwa na chanzo kinachoeleweka. Serikali inapokopa kwa wananchi au kwa mabenki, kuna mtu aliyeacha kutumia fedha yake ili serikali itumie. Inapokopa Benki Kuu hakuna aliyejinyima; noti mpya zinaingia sokoni pasipo gunia jipya la mahindi. Bei zinapanda, na anayeumia kwanza ni mwenye kipato kisichosogea: mwalimu, muuguzi, mstaafu, mkulima wa kahawa anayelipwa kwa awamu na kuikuta awamu ya pili imekwisha nguvu. Sheria ya Benki Kuu ya 1995 ilikuwa imekwisha kuifanya kazi ya kulinda uthabiti wa bei kuwa jukumu kuu la benki hiyo. Bajeti ya fedha taslimu ilikuja kuifunga serikali upande wake wa mlango.

Namna fedha ilivyogawanywa kila mwezi ndiyo iliyoamua nani aumie. Malipo ya deni la taifa yalitangulia, maana kutolipa kungeharibu mazungumzo yote na wakopeshaji. Mishahara ilifuata. Kilichobaki ndicho kilichoitwa OC, matumizi mengineyo: dizeli, dawa, chaki, karatasi, chakula cha mabweni na mahabusu, nauli za likizo, matengenezo ya magari na majengo. Makusanyo yakipungua kwa sehemu ndogo tu, deni na mishahara havikuguswa, hivyo upungufu wote ukaiangukia OC. Mwezi mbaya uliweza kuifuta karibu yote. Wizara ilibaki na watumishi waliolipwa wasiokuwa na kitu cha kufanyia kazi: daktari bila glavu, bwana shamba bila pikipiki, mkaguzi wa shule anayeandika ripoti za shule asizozifikia.

Mwandishi wa makala haya alikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya wilaya miaka hiyo, na kazi yake ilikuwa kuandika daftari la vifungu. Ni daftari pana lenye jalada gumu, kila kifungu na ukurasa wake. Upande wa kushoto huandikwa kiasi kilichoidhinishwa na Bunge, kisha mgao uliofika, kisha namba ya hati ya malipo, aliyelipwa, kiasi, na salio. Kati ya safu hizo imo moja inayohusu ahadi, yaani mali iliyokwisha kuagizwa kwa LPO, hati ya serikali ya kuagiza mali, lakini haijalipwa. Karani akiijaza safu hiyo kila siku, mkuu wake anaona papo hapo kwamba salio la shilingi laki tano si laki tano, kwa sababu laki nne tayari zina mwenyewe. Katika ofisi ile, ukurasa baada ya ukurasa, safu hiyo ilikuwa nyeupe. Taarifa ya mwezi iliyotakiwa mkoani iliuliza fedha zilizopokelewa na zilizotumika, na zote mbili zililingana kwa shilingi na senti. Zinazodaiwa hazikuulizwa, na kisichoulizwa ofisini hakiandikwi.

Shule ya bweni inaonyesha vizuri zaidi kilichotokea. Wanafunzi wa bweni hula kila siku, iwe mgao umefika au haujafika. Mkuu wa shule hawezi kuwaambia watoto mia kadhaa wasubiri kikao cha Hazina. Basi anasaini LPO, mzabuni analeta unga, maharage, sukari, chumvi na kuni, mtunza stoo anapokea, na watoto wanakula. Kwenye vitabu vya serikali hakuna kilichotumika, kwa sababu hakuna hundi iliyoandikwa. Nakisi ya mwezi ule ni sifuri. Lakini mzabuni ameshamwaga magunia yake, naye ana mkopo wake mjini.

Mmoja wa wazabuni hao, mzee aliyekuwa na duka la jumla karibu na stendi, alikuwa akija ofisini na bahasha ya kaki iliyojaa nakala za kaboni za LPO, amezipanga kwa tarehe. Mazungumzo yalikuwa yale yale. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Vipi, kuna chochote?" "Mgao bado, mzee. Wametuambia tungoje." Hakuwahi kupaza sauti. Siku moja alifunga bahasha yake, akasema kwa upole kwamba ataendelea kuleta, lakini maharage ya muhula ujao bei yake haitakuwa ile. Na kweli, zabuni zilipofunguliwa, gunia la maharage lilikuwa na bei iliyozidi ya sokoni waziwazi, na wazabuni wenzake waliomba bei zinazokaribiana na yake. Hapakuwa na njama. Kila mmoja alikuwa ameweka ndani ya bei gharama ya kungoja kulipwa, na hofu ya kutolipwa kabisa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo maelezo mengi ya bajeti ya fedha taslimu huliruka. Serikali haikuacha kukopa. Iliacha kukopa Benki Kuu, ikaanza kukopa kwa mzee wa dukani, kwa mwalimu ambaye nauli yake ya likizo haikulipwa, kwa mtumishi aliyehamishwa na kuambiwa asafirishe mizigo kwa fedha zake kwanza. Mikopo hii haikuwa na hati ya riba, ila riba ilikuwamo: ilikaa ndani ya bei ya maharage. Haikupitishwa na Bunge, wala haikuingia kwenye deni la taifa. Ilijulikana kwa jina la malimbikizo, na ilitambuliwa rasmi pale tu ilipokuwa mikubwa kiasi cha kuundiwa timu ya uhakiki. Timu ikija, mwenye nakala zake zote alikuwa na matumaini. Aliyepoteza LPO, au aliyeletewa oda kwa mdomo na bosi aliyekwisha kuhama, alikuwa amepoteza mali yake.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye jedwali. Mgao usiotabirika huua mipango. Idara ambayo haijui itapata nini mwezi ujao hainunui kwa jumla wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini. Inanunua kidogo kidogo, kwa bei ya wakati ule. Gari halifanyiwi sevisi ya shilingi chache, linaendeshwa mpaka injini ife. Kisha mwezi Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, mgao ukitokea kufika mkubwa, ofisi nzima inahangaika kuumaliza kabla ya tarehe 30, maana salio hurudi Hazina. Ofisi iliyokosa dizeli mwezi Machi ilijikuta inanunua viti mwezi Juni, kwa sababu viti hupatikana haraka na risiti yake haina utata. Hazina yenyewe iliyaona haya, na baadaye sekta za kipaumbele kama elimu na afya zikaanza kupewa mgao wa robo mwaka badala ya mwezi.

Pamoja na hayo yote, haki itendeke: utaratibu ule ulifanikiwa katika lengo lake kubwa. Mfumuko wa bei ulishuka mwaka hadi mwaka. Kufikia 1999 ulikuwa chini ya asilimia 8, mwaka 2000 karibu na asilimia 6, na 2002 chini ya asilimia 5. Haya yalipatikana ingawa ukame wa 1997 ulifuatiwa na mvua za El Niño zilizobomoa madaraja na barabara katika mikoa mingi, tukio ambalo miaka ya nyuma lingeipeleka serikali moja kwa moja kwenye mashine ya noti. Wakubwa wa Hazina walisema hapana, wakatukanwa, na mitaani ukosefu wa fedha ukapewa jina la ukapa. Mshahara wa mwalimu haukupanda sana, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliweza kupanga Januari atanunua nini Juni. Aliyeishi kwa mshahara wa serikali miaka ya 1980 anajua thamani ya jambo hilo. Sheria mpya ya Benki Kuu ya mwaka 2006 ikaja kuweka kikomo: serikali isikope kwake zaidi ya sehemu moja ya nane ya mapato ya mwaka uliotangulia, tena ilipe ndani ya muda mfupi.

Kubana matumizi kulikuwa nusu ya mpango. Nusu ya pili ilikuwa kukusanya, na huko mafanikio yalikuja polepole. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996 kwa kuunganisha idara zilizokuwa wizarani: kodi ya mapato, forodha na kodi ya mauzo. Watumishi wa zamani waliomba kazi upya, na wapatao theluthi moja hawakurudishwa. Waliorudi walipewa mishahara mizuri kuliko ya wenzao serikalini. Miezi ya kwanza makusanyo yalipanda kwa kishindo, kisha kasi ikapungua, kwa kuwa mtandao wa zamani wa rushwa haukufutwa na barua ya kuachishwa kazi. Baadhi ya walioachishwa walijiajiri kama mawakala na washauri wa wafanyabiashara wale wale, wakiyajua mashimo yote ya nyumba waliyotoka. Uwiano wa kodi na pato la taifa, kwa hesabu za wakati ule, haukupanda mpaka mwisho wa miaka ya 1990.

Tarehe 1 Julai 1998 ikaja Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwa asilimia 20, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo iliyokuwa na viwango vingi. Ilishuka kuwa asilimia 18 mwaka 2009. Nguvu ya VAT iko kwenye risiti: mwenye duka anayetaka kurudishiwa kodi aliyolipa kwa muuzaji wa jumla lazima aonyeshe risiti, na risiti hiyo inamfichua muuzaji wa jumla. Kila mfanyabiashara anamlinda mwenzake asikwepe. Mahali ambapo watu hawadai risiti mnyororo huu hukatika, na ndiyo sababu elimu ya kodi ilitakiwa kwenda sambamba na sheria. Mwaka 2001 TRA ilianzisha Idara ya Walipakodi Wakubwa, hatua ya busara, kwani kampuni chache za Dar es Salaam zilikuwa zikilipa sehemu kubwa mno ya kodi ya nchi nzima.

Wilayani, kodi iliyojulikana na kila mtu ilikuwa nyingine kabisa: kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa. Kila mtu mzima alidaiwa kiasi kilekile au kinachokaribiana, awe na ng'ombe au asiwe na kuku. Makusanyo yalifanywa na maofisa watendaji wa kata na vijiji wakisindikizwa na mgambo. Kizuizi kiliwekwa njiani siku ya mnada. Asiye na stakabadhi aliwekwa chini ya mti mpaka ndugu zake walete fedha. Kuna vijiji ambako wanaume walilala porini wiki ya msako. Ukijumlisha posho za mgambo, mafuta ya gari, chakula cha msafara, vitabu vya stakabadhi na fedha zilizopotelea njiani, kilichofika benki kilikuwa kidogo, na chuki iliyobaki ilikuwa kubwa. Bajeti ya Juni 2003, iliyosomwa na Basil Mramba, iliifuta, na serikali kuu ikaahidi kuzifidia halmashauri kwa ruzuku. Mpango wa kusawazisha bajeti unapotafuta mapato huelekea kumkamata asiye na mahali pa kukimbilia. Hatua ya 2003 ilikuwa mojawapo ya hatua chache zilizokwenda kinyume na mwelekeo huo, na ilikuwa sahihi hata kama fidia haikufika yote kwa wakati.

Mishahara nayo ilishughulikiwa. Watumishi wa serikali walipunguzwa kutoka zaidi ya 350,000 mwaka 1992 hadi chini ya 280,000 kufikia mwisho wa muongo. Waliotangulia kutoka walikuwa matarishi, wahudumu, walinzi na wafagiaji, watu ambao mishahara yao ikijumlishwa haifiki mbali. Posho za semina na safari za ngazi za juu hazikuguswa kwa ukali uleule, na watumishi wa chini waliliona hilo na kulisema. Kilichookoa fedha zaidi kuliko kuwaondoa wafagiaji ni kuwaondoa wasiokuwapo: majina ya marehemu, waliostaafu, walioacha kazi, yaliyoendelea kulipwa. Uhakiki ulifanywa kwa njia ya zamani kabisa. Mishahara ililipwa mezani, mkononi, kila mtumishi akifika na kitambulisho chake, na bahasha zisizochukuliwa zikarudishwa. Ugonjwa huu haukuisha. Uhakiki wa 2016 uliibua watumishi hewa zaidi ya 10,000, na mwaka 2017 watumishi zaidi ya 9,900 wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi. Orodha ya mishahara inahitaji kusafishwa kila mara, kwa sababu kila mwezi kuna anayekufa, anayestaafu na anayehama.

Dawa ya malimbikizo ilianza kupatikana pale serikali ilipoanza kudhibiti ahadi badala ya hundi. Mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa fedha ulianza kufungwa Hazina na wizarani kuanzia 1998. Kazi yake, kwa lugha ya daftari la vifungu, ilikuwa kuijaza ile safu nyeupe kwa lazima: LPO haitoki mpaka mashine ione kuna fedha kwenye kifungu, na ikitoka tu fedha hiyo inashikiliwa. Sheria ya Fedha za Umma ya 2001 ikamfanya afisa masuuli, yaani mkuu anayesimamia fedha za wizara au idara, awajibike yeye mwenyewe kwa matumizi yaliyozidi kifungu. Wizara, zilizokuwa Dar es Salaam wakati huo, zilinufaika mapema. Halmashauri zilingoja miaka, na hata mfumo ulipofika, oda za mdomo ziliendelea, maana kompyuta hukagua kilichoingizwa ndani yake tu. Mkuu wa shule mwenye watoto wenye njaa bado alikuwa na simu.

Mzigo wa deni la nje ulipunguzwa na wakopeshaji wenyewe. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kuzifutia madeni nchi maskini zenye madeni makubwa, ikapata unafuu wa takriban dola bilioni 3 kwa kujumlisha malipo ya miaka yote iliyokuwa mbele. Januari 2002 ada ya shule za msingi ikafutwa. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001, walizidi milioni 7 kufikia 2004. Madarasa hayakutosha, walimu hawakutosha, vitabu hata havitajiki. Lakini watoto hao walikuwa wapo siku zote. Bajeti ya miaka iliyotangulia ilionekana nafuu kwa sababu ilikuwa imewaacha nyumbani. Wanaohesabu nakisi wangepaswa kuwahesabu na hao.

Misaada haiwezi kuachwa nje ya picha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu asilimia 40 ya bajeti ilitegemea fedha za nje, kwa hiyo ulinganifu uliokuwa ukisifiwa kwenye ripoti za wafadhili ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya fedha zao wao. Oktoba 2014, baada ya sakata la kuchotwa kwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, wafadhili walizuia msaada wa kibajeti wa dola milioni 490, na halmashauri zikarudi kwenye hali ya miaka ya 1990: mgao haukufika, wazabuni wakangoja. Serikali zilizofuata zilisukuma mapato ya ndani kwa nguvu, ikiwamo tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, ambayo ililalamikiwa kila mahali na kupunguzwa ndani ya miezi michache. Tozo hiyo ilikuwa na mantiki ile ile ya kizuizi cha siku ya mnada: ilimkuta mtu njiani, akiwa na fedha mkononi, bila kuuliza kama ni faida au ni nauli ya mgonjwa.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeendelea, mwaka baada ya mwaka, kutaja madeni ya wazabuni, makandarasi, walimu na watumishi wengine ambayo hayakulipwa ndani ya mwaka yalipozaliwa. Madeni hayo ni sehemu ya nakisi sawa na hatifungani au mkopo wa benki, tofauti yake ni kwamba mkopeshaji hakuombwa. Mbunge na diwani wanaopelekewa makadirio waombe, kabla ya kupiga kura, jedwali moja zaidi: nani anadaiwa na serikali hii hadi leo, kiasi gani, tangu tarehe gani, na kifungu gani kitamlipa. Waziri anayeweza kulitoa jedwali hilo likiwa kamili ndiye mwenye haki ya kusema bajeti yake imelingana.